Kadi Bado Haijawashwa

Foleni ya mshahara ilikuwa imeshageuka ugomvi. Mwalimu mmoja alimchoma kiwiko cha mbavu mtu aliyetaka kupenya mbele yake, yule akamkaba ukosi, na wote wawili wakamwangukia Elieth. Hakuthubutu kusogea asije akapoteza nafasi. Alijishika kifua tu. Ndani ya sidiria kulikuwa na kadi mpya ya benki, na alichokuja kutafuta Dodoma mjini, juu ya lori la zabibu na vumbi lake lote, ni kujua kama imeshawashwa.

Elieth alikuwa muuguzi wa zahanati huko Makutupora. Tangu mishahara ilipoanza kupitia benki, kadi yake ilikaa kwenye pochi ya mumewe, Raphael. Wala si yake peke yake. Kwenye nyumba za watumishi, wanaume walishika kadi za wake zao kama wanavyoshika ufunguo wa stoo, na wanawake waliambiwa washukuru kwa kupunguziwa adha ya foleni. Raphael akitoa mshahara, Elieth aliiona hela ya mboga tu. Nyingine yote iliishia kwenye mvinyo na kwa marafiki wa mvinyo. Ulikuwa wizi mtupu, ila uliitwa ndoa.

Mwezi uliopita binti yao Emilia alirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kukosa ada. Elieth alipouliza mshahara umekwenda wapi, alijibiwa kwa ngumi, na sikio la kushoto lilikuwa linavuma hadi leo. Ndipo akaenda benki akasema kadi imepotea. Walifunga ya zamani, baadaye wakampa mpya pamoja na bahasha ya namba ya siri. Aliikariri namba, bahasha akaichoma jikoni. Shule ilikuwa imesema Emilia asipolipiwa kufikia Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine.

Zamu yake ilipofika, alichomeka kadi. Mashine ilikaa kimya kidogo, ikaitema, ikaandika kwamba kadi bado haijawashwa, afike kaunta.

Kaunta alikaa kijana wa tai, Respicius, aliyemwamkia vizuri. Aliangalia kompyuta yake, akasema ni jambo dogo, anathibitisha tu. Kabla Elieth hajafungua mdomo, kijana alishanyanyua simu na kupiga namba iliyokuwa kwenye akaunti. Namba ile ilikuwa ya Raphael. Siku ya kufungua akaunti mkewe hakuwa na simu, Raphael akaandikisha yake.

"Mzee, mama yuko hapa na kadi mpya. Tuiwashe?" Respicius alisikiliza, akaweka simu chini. "Anasema tumsubiri. Yuko hapo sokoni kwenye mashine yetu nyingine, kadi inamkatalia."

Elieth aliisukuma kadi juu ya kaunta hadi mbele ya kijana.

"Hiyo kadi imeandikwa jina la nani?"

"Lako, mama."

"Basi iwashe, mwanangu. Sasa hivi."

"Mama, huyo ni mzee wako. Nitaanzaje kukuwashia nyuma yake?"

Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alilelewa hivyo, na benki ilimlipa aendelee hivyo hivyo.

Raphael hakuchelewa. Aliingia akihema, hakumsalimu mtu, akamkamata mkewe nywele na kumgonga uso kwenye ukingo wa kaunta. Jino likavunjika. Alipoanguka alimpiga mateke ya mbavu huku akimwita mwizi. Mama mmoja kwenye foleni alipaza sauti kwamba mtu anauawa. Mlinzi, kirungu mkononi, alimjibu kwamba hayo ni ya mume na mke, hayaingiliwi. Meneja alitoka ofisini akamwomba Raphael, kwa adabu, wakayamalizie nje maana wanasumbua wateja.

"Kwanza muiwashe," Raphael alisema.

Respicius aliiwasha. Kadi alimkabidhi Raphael.

Foleni iliyokuwa ikigombania kila hatua iliwapisha. Raphael alimburuta mkewe hadi kwenye mashine, akachomeka kadi, akamkaba shingo kwa nyuma. "Weka namba."

Elieth alitema damu. Namba aliijua vizuri. Akiiweka, mshahara unakwenda kwenye mvinyo. Asipoiweka, Jumatatu inapita na shule ya Emilia imekwisha. Kwa vyovyote mtoto hapati kitu. Ukampanda ukaidi ambao hakujua kama bado anao. Akabonyeza namba nyingine. Mashine ikakataa, akala kofi. Akabonyeza nyingine ya uongo, akapigwa hadi goti likagusa saruji.

"Nimechanganyikiwa, baba Emilia. Ngoja."

Kila mtumishi alijua kwamba ukikosea mara tatu kadi inamezwa. Raphael, kwa hasira zake, alikuwa amesahau. Elieth akabonyeza tena. Mashine ikaimeza kadi, ikaanza upya kuwakaribisha wateja.

Raphael alitazama ule mdomo mtupu wa mashine hadi akaelewa. Akamsukuma Elieth chini, akaipiga mashine ngumi, akaipiga teke, kioo kikapasuka.

Hapo ndipo mlinzi alipokuja mbio. Kirungu kilimshukia Raphael mgongoni kabla hajageuka, na meneja akaagiza polisi waitwe upesi, mtu anaharibu mali ya benki.

Askari hawakukawia. Walimruka Elieth pale chini, wakaenda kukagua kioo.