Kijiko cha Unga wa Kahawia

Mwalimu alimeza kwanza, akaambiwa baadaye.

Ilikuwa siku ya semina ya walimu wa historia. Mdogo wake, naye mwalimu, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alisimama mbele na chupa ya unga wa kahawia. Alikuwa akiwafundisha wenzake visa vya ajabu vya dunia, vya kuwazindua wanafunzi wanaosinzia mchana. Kijiko kikazunguka. Kila mtu akalamba, na dada yake pia.

"Hongereni," Redio akasema. "Mmekula maiti."

Kijiko kikaganda mkononi mwa aliyelamba mwisho. Redio akaeleza, akifurahia kila neno: kwa karne kadhaa wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti zilizokaushwa, zilizofukuliwa makaburini Misri. Walioumwa tumbo wakala, waliovunjika wakala, hata wafalme wakala. Maiti za kale zilipoadimika, matapeli wakakausha za juzi na kuziuza kwa jina lilelile.

"Tulieni! Hiyo ni kakao na mdalasini!"

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kwa ajili ya chai tu, akapiga meza mpaka machozi yakamtoka. Dada yake Redio hakucheka. Mate yalimjaa mdomoni, mazito, yenye utamu wa kuchukiza. Akakimbilia sinki na kutapika juu ya vikombe vichafu.

"Dada, ni kakao jamani!"

"Najua ni kakao." Alijifuta mdomo. "Hao wa juzi walikuwa akina nani?"

"Walionyongwa. Waliokufa kwa maradhi. Watu wasio na wa kuwaulizia."

"Na wewe ukaona ni kichekesho."

Mwaka huo huo walikuwa wamemzika mama yao. Yeye ndiye aliyemwosha, akapitisha kitambaa kwenye goti lenye kovu na kidole kilichopinda. Sasa akilini alimwona mtu akitwanga kwenye kinu goti kama lile. Kinyaa kilimshika kwa wauza dawa, kwa wale waliocheka, na kwa ulimi wake mwenyewe uliolamba kwa pupa.

"Umeniaibisha mbele za watu," Redio alimwambia walipokuwa nje.

"Mama angekuwa kwenye chupa, ungepitisha kijiko?"

Redio akageuka, akarudi ndani. Kwa siku kadhaa walisalimiana tu.

Kisha Redio akamfuata dada yake ukumbini, ametoka darasani, chaki bado mkononi.

"Nimewafundisha kile kisa. Bila kuonja."

"Wakasemaje?"

"Mmoja alicheka, nikamsubiri mpaka akaishiwa. Halafu binti mmoja akauliza kama wale watu walizikwa tena." Akaitazama chaki. "Sikuwa na jibu, Dada."

"Hata mimi sina," akasema, akamsogelea, wakasimama bega kwa bega huku wanafunzi wakiwapita kwa kelele.