Ngoma ya Mikokoni

Mimi nina mdomo, najijua. Mdogo wangu Jafari aliniambia tangu tunatoka nyumbani, "Dada, leo wasikilize kwanza." Nikamwambia wewe nyamaza, miaka hamsini nawasikiliza wakiniita mtu wa kuja, leo zamu yangu.

Maana hapa Ziwani ndivyo tunavyoitwa. Ati ukoo wetu ulivuka Ruvuma juzijuzi, mikorosho tumeazimwa, makaburi ya zamani hatuna. Anayeyasema hayo kuliko wote ni Bi Mwanakombo, ambaye ukoo wake ndio wenye kijiji. Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka Ujerumani nilipiga vigelegele. Makumbusho ya huko yana ngoma iliyoporwa hapa wakati wa vita vya Maji Maji, na sasa wanamtafuta mwenyewe. Ngoma hiyo bibi yangu alinihadithia nikiwa mtoto, ananisuka nywele. Ikithibitika ni yetu, nani tena ataniita wa kuja?

Tukakutana ofisi ya kata, watu wamejaa hadi madirishani. Afisa utamaduni, Beatrice, binti mpole aliyetoka mjini Mtwara, akatuonyesha picha. Ngoma fupi, imewambwa ngozi pande zote mbili.

"Ndani mna vitu," akasema. "Wameipiga eksirei, wameviona. Familia itakayovitaja ndiyo tutakayoanza nayo."

Akamgeukia Bi Mwanakombo kwanza. Bibi wa watu, mkongojo mapajani, akajibu, "Sijui, mwanangu."

Loo! Nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Mwenye kijiji hajui cha kwake! Jafari akanivuta kanga, nikamtoa mkono.

"Shanga saba," nikasema. "Bangili ya shaba, ndogo, ya mtoto. Na meno mawili ya mtu."

Beatrice akaitazama karatasi yake, kisha akanitazama mimi. "Ni hivyo hivyo," akasema kwa sauti ya chini.

Nikasubiri makofi. Hakuna aliyepiga. Wazee walikuwa wameinamisha vichwa, na mwanamke tuliyebanana naye kwenye benchi akasogea pembeni.

"Alikwambia nani?" Bi Mwanakombo akauliza. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Bibi yangu. Naye aliambiwa na baba yake."

"Na baba yake alijuaje?"

"Si ilikuwa yake!"

Akatikisa kichwa. "Aliyeiwamba ngoma ile alitia vitu vyake peke yake, akafa navyo moyoni. Sisi hatuifungui. Mama yangu hakujua kilichomo, wala bibi yangu."

Akamwomba Beatrice asome ngoma ilipatikanaje. Ilionekana wazi binti hataki, lakini akasoma. Afisa wa Kijerumani alikuwa ameandika mwenyewe. Wanakijiji walijificha na ngoma yao mikokoni, kule Ruvuma inapoingia baharini. Mwenyeji mmoja akawaongoza askari mpaka pale. Walipomaliza kuua, mwenyeji huyo akaifungua ngoma akitafuta dawa ya vita, akatoa vilivyomo, akavihesabu, akavirudisha, na ngozi ikawambwa upya. Jina lake afisa hakuliandika.

Waliokufa mikokoni siku ile kila mtoto wa Ziwani anawajua. Ni watu kumi na tisa, wote wa ukoo wa Bi Mwanakombo. Aliyewaonyesha askari njia ndiye ambaye hakupata kujulikana miaka yote hii.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nikageuka kumtafuta Jafari, naye alikuwa anaangalia ukutani.

Bi Mwanakombo akanyanyuka, akaja taratibu mpaka mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuwa nakukosea, Mwanahamisi," akasema. "Kumbe mlikuwepo."