Ukoo wa Mbu

Ofisini walimwita Shangazi, maana kila akifungua mdomo ni habari za mtoto wa kaka yake. Na siku hizi habari zenyewe zilikuwa chungu. Mtoto kaugua malaria tena, bibi yake kaja juu, kamchukua akae naye. "Mkwe wangu mzembe, hashushi chandarua," alisema, tena mbele ya majirani. Wifi wa watu alilia mpaka sauti ikamkauka.

Shangazi akazama kazini. Alikuwa akijenga hifadhidata ya mbu wa malaria, na si orodha tu, hata kidogo! Humo kila mbu alikuwa na ukoo wake: huyu ni aina ya yule, yule huuma wapi, saa ngapi, akishashiba hupumzika wapi. Ukishaipa kompyuta mahusiano hayo, inayaunganisha yenyewe.

Jioni moja Darubini, mwenzake wa maabara aliyebandikwa jina hilo kwa kuganda kwenye darubini kutwa nzima, alileta majibu ya mbu walionaswa mtaani kwa wifi. Shangazi akayaingiza, akauliza: hawa huuma wapi na saa ngapi?

Nje, kompyuta ikajibu. Tangu jua linapozama.

"Weee!" Aliruka, kiti kikaanguka huko. "Darubini, njoo uone! Nani kaandika hili?"

"Hakuna. Mimi nimeleta jina la aina yao tu," Darubini akasema, macho yamemtoka. "Imewajua kwa ukoo wao! Basi watu wakiingia kulala, mbu wenzetu hawa wameshashiba."

Kumbe! Wifi hakuwa na kosa hata chembe! Shangazi akampigia mama yake.

"Mama, chandarua anashusha! Mbu wa kule wanawahi, wanauma watu wakiwa bado nje."

"Kompyuta ndiyo imekwambia?"

"Kompyuta na mbu wenyewe, mama. Na huko kwako wamo hao hao, tumewanasa."

Dirishani giza lilikuwa linaingia.

"Mtoto yuko uani anacheza," mama yake akasema polepole, kisha akapaza sauti mpaka Shangazi akaondoa simu sikioni. "Mjukuu wangu! Njoo ndani! Njoo upesi!"

Mlango ukasikika ukifungwa. Mama akarudi kwenye simu, anahema.

"Mwambie mkwe wangu aje amchukue mwanawe."

"Namwambia sasa hivi, mama!"

"Hapana, acha. Nitampigia mwenyewe. Aliyemsema ni mimi."