Moduli Mbili za Bluu

Radi iliyopiga mji wa Tamale asubuhi ile iliunguza moduli mbili, vifaa vidogo vya kutuma na kupokea mwanga, moja kila ncha ya faiba, waya wa kioo unaotoka chumba cha seva cha hospitali hadi chumba cha upasuaji. Wunpini, fundi wa mtandao wa hospitali, hakushtuka. Alikuwa na za akiba, alizoagiza mwenyewe kutoka Accra baada ya kubishana na kila mtu kwamba za kampuni nyingine zitaelewana na swichi za hospitali, zile mashine zinazogawa mtandao.

Akazichomeka. Swichi zikazikubali, ila taa hazikuwaka.

Hapo akazikagua upya. Vishikio vyote viwili vilikuwa vya bluu. Faiba ile ina uzi mmoja tu, kwa hiyo moduli zake huozwa mume na mke: ya bluu hutuma mwanga ambao ya zambarau huupokea, na ya zambarau humjibu mwenzake kwa mwanga mwingine. Wunpini, kwa ujuaji wake wote, alikuwa ameagiza waume wawili.

Daktari Fuseini akapiga simu. Picha ya kichwa cha mtoto ilikuwa imeshafika kwenye seva kutoka kliniki ya ng'ambo ya mji, lakini kwake hakuna kitu.

“Damu inavujia ndani,” alisema. “Nimeshanawa, mtoto yuko mezani. Nipasue upande gani, dada, nipige ramli?”

Moduli ya zambarau iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa kwenye kabati la swichi nje ya ofisi ya mkurugenzi, na mkurugenzi, Alhaji, alikuwa akizungumza na wizara kwa kompyuta kupitia moduli hiyohiyo. Huyo ndiye ambaye Ijumaa angeamua kama Wunpini aajiriwe kabisa au aende zake.

Alifungua kabati. Sauti ya Alhaji ilisikika mlangoni, ikijisifia mtandao usiokatika. Akaing'oa moduli, akakimbia.

Alipoichomeka upande wa upasuaji, taa ziliwaka kijani. Nyuma ya mlango akamsikia daktari akisema, “Kushoto.” Akakaa sakafuni.

Simu ikaita.

“Nani amenikatia mtandao?”

“Ni mimi, Alhaji.” Alikuwa analia kwa woga. “Nilikosea kuagiza, nikachukua moduli yako.”

“Irudishe sasa hivi, binti.”

“Siirudishi, Alhaji. Ngoja kwanza wamalize kupasua.”