Watu Ishirini na Mmoja wa Nyumba ya Guleid

Shule ilimwingia Nimo kichwani siku ya tatu tu, na tangu hapo mama yake, Arbia, hakuielewa tena nyumba yake mwenyewe. Mtoto wa miaka saba, aliamka asubuhi akampanga bibi yake mstari mmoja na mbuzi wawili, akamtaka kila mmoja aitikie kwamba yupo. Mbuzi hawakuitikia. Bibi Safiyo naye hakuitikia, kwa kuwa Kiswahili hakukijua na wala hakukitaka, lakini alisimama pale pale kwenye mstari, fimbo mkononi, akimtazama Arbia kwa jicho la kuuliza kama hiki ndicho walichokuwa wakikitaka.

Aliyekitaka ni Guleid. Mwaka uliotangulia serikali, ikiwasaka waasi walioitwa shifta, iliwakusanya watu ndani ya seng'enge, ikaweka lango, na kwenye lango ikaweka askari wa kukagua karatasi. Guleid alikuwa akiuza nyama ya ngamia sokoni Garissa, na siku moja alimkabidhi askari kibali kilichokwisha jana yake. Angejuaje? Kwake yeye karatasi ya jana na ya leo zilikuwa sura moja. Alipigishwa magoti juani mpaka alasiri, mbele ya wateja wake. Aliporudi nyumbani alikunywa maji vikombe vitatu, kisha akasema kwamba lazima nyumba hii ipate mtu mmoja anayejua kusoma. Na mtoto walikuwa naye mmoja tu.

Basi mwezi wa Januari mwaka wa sitini na saba Nimo akapelekwa. Ukitaka kucheka, ungekaa kwa Arbia wiki mbili zile. Mtoto alikataa kula mpaka kengele ilie, na kengele haikuwapo, ikabidi Arbia agonge sufuria kwa mwiko. Akitaka maji alinyoosha mkono juu akangoja atajwe jina. Jioni alimfundisha bibi yake kumsalimu mwalimu, na mwalimu alikuwa yeye. Bibi Safiyo aliapa kwamba wamemroga, kwamba mwalimu yule wa bara atamfanya mjukuu wake Mkristo kabla mvua hazijanyesha. Guleid alicheka, lakini Arbia aliona kwamba hata yeye alicheka nusu nusu.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Kanana, mwanamke wa Meru, kijana bado, mwenye viatu vyeusi alivyovifuta vumbi kila alipofika mlangoni, kana kwamba vumbi la Garissa linaisha. Kisomali hakukijua hata cha kuombea maji. Watoto arobaini hawakujua chake. Walivyoelewana, Mungu ndiye ajuaye.

Wiki ya tatu Nimo alirudi mbio, mtandio umeanguka mabegani. Mwalimu alimwita mbele ya darasa, akamuuliza watu wa kwao ni akina nani, naye akamtajia wote. Mwalimu akaandika wote. Hakumkatiza hata mara moja, na alipomaliza darasa zima likampigia makofi.

"Wote?" bibi aliuliza.

"Wote," Nimo akasema, akasimama wima akawataja tena: Nimo wa Guleid, wa Diriye, wa Issack, wa Hirsi, wa Gedi, wa Samatar, akapanda hivyo hivyo bila kuvuta pumzi, baba wa baba wa baba, mpaka kwa yule mzee wa ishirini na mbili ambaye hata kaburi lake halijulikani liko upande gani wa mpaka.

Bibi Safiyo alimkumbatia mpaka mtoto akalia anabanwa. Yeye ndiye aliyemfundisha majina yale, moja moja, tangu akiwa na miaka minne, kama kila bibi wa kule afanyavyo. Mtoto akiulizwa watu wake huyapanda majina ya baba zake. Hakuna jibu jingine, na asiye nalo anaonewa huruma. "Kumbe mwalimu ana adabu," bibi alisema. "Ameuliza swali la mtu mzima." Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimsalimu mwalimu aliyekuwa mjukuu wake, na kwa Kiswahili.

Siku ya nne baada ya hapo askari wawili walikuja wakati wa chai ya asubuhi, wakamchukua Guleid.

Hawakumpiga. Walimuuliza kitu kimoja tu, wengine wako wapi, na Guleid akawaonyesha kwa mkono: mama yake, mkewe, mtoto. Askari mmoja aliinama akachungulia ndani ya nyumba, nyumba ya fito na mikeka ambayo watu wanne wakilala, mmoja lazima akunje miguu. Alitoka akijikuna shingo. Kisha wakaondoka naye, na chai yake ikabaki pale inafuka.

Arbia alijifunga shuka akaenda ofisini kwa usajili, akakaa nje ya mlango mpaka karani alipomwita. Karani aliitwa Ndirangu. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na mafua, na mbele yake kulikuwa na karatasi aliyoifungua kwa uangalifu.

"Mama, nyumba yako imeandikishwa watu wanne," alisema. "Shule imetuletea orodha ya watu wa nyumbani kwa kila mtoto. Mtoto wako ametaja wanaume ishirini na mmoja zaidi. Wako wapi?"

Arbia alidhani Kiswahili chake cha sokoni kimemwangusha. "Wanaume gani?"

"Diriye yuko wapi?"

Alistaajabu mtu huyu amemjuaje baba mkwe wake. "Amekufa."

"Issack?"

"Amekufa."

"Hirsi?"

"Hirsi nakufa zamani."

"Nani aliwaua?"

Hilo lilikuwa swali ambalo Arbia hajawahi kuulizwa. Diriye aliumwa tumbo. Issack, alisikia, alizeeka tu. Hirsi nani atajua. Alisema ni Mungu. Karani akaandika kitu. Kisha akatoa karatasi ya pili, ya Amino, mtoto wa jirani yake Naimo, anayesoma dawati moja na Nimo. Guleid na baba yake Amino walikuwa wajukuu wa mzee mmoja, Issack. Karani aliziweka karatasi mbili sambamba, akapitisha kidole. Kuanzia Issack kwenda chini zilikuwa sawasawa, jina kwa jina.

"Watu hawa hawa ishirini wanalala kwako na wanalala kwa jirani," alisema. "Wanahamahama. Huyo jirani mumewe yuko wapi?"

"Rhamu, na lori."

"Rhamu, mpakani," karani alirudia, akapiga chafya. "Mama, mume wako akituambia walipo shifta hao, atarudi. Asipotuambia, Jumamosi anapelekwa jela ya bara na wenzake. Mimi sina la kuongeza."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Arbia alitoka pale na kichwa kimejaa moshi. Alijua wanataka watu, lakini hao watu hawapo, na hakuna anayeweza kuwaleta. Alipita mbele ya duka alilolijua miaka sita akasahau ni njia gani ya kwao. Mumewe anafungwa kwa ajili ya maiti. Alirudia maneno hayo kwa sauti, na hata kwa sauti yake mwenyewe hayakuleta maana.

Nyumbani alimkuta Nimo kakaa nyuma ya zizi la mbuzi, hasemi na mtu. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba ni maneno yake yaliyomchukua baba. Bibi Safiyo alipoelezwa alikataa kabisa kuamini. Alisema hakuna serikali duniani inayoogopa wazee wa watu.

Ijumaa asubuhi Arbia alimshika Nimo mkono, wakaenda shule. Alimkuta mwalimu mlangoni anafuta viatu.

"Mwalimu, bwana yangu nafanya makosa gani? Kwa nini wewe naandika wafu?"

Kanana hakuelewa. Alilileta daftari lake, akafungua ukurasa, akaweka kidole juu ya jina la Gedi. "Huyu si mjomba? Si kaka wa baba?"

Arbia alifikiri atamwelezaje. Alichukua kijiti, akachora chini mchangani kistari kimoja. "Nimo." Juu yake akachora kingine. "Guleid." Kingine. "Diriye. Kaburi." Kingine. "Issack. Kaburi." Alipofika kistari cha kumi na mbili mwalimu alimshika mkono aache. Alikaa chini palepale mchangani, na sketi yake safi, na akafunika mdomo. "Nilisema mtoto huyu ana akili," alisema. "Niliambiwa niandike watu wa nyumbani, nikaandika. Mimi ndiye niliyeandika." Alikuwa anaogopa, Arbia aliliona hilo wazi, na likamshangaza, kwa sababu alidhani watu wa bara huku hawaogopi kitu.

Kanana hakupiga kengele siku hiyo. Waliongozana watatu hadi ofisini.

Ndirangu alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho. Akazitazama tena zile karatasi mbili. Unaweza kusema alikwisha kuamini, lakini mtu aliyeandika ripoti hawezi kuifuta hivi hivi. "Watu wazima wanafundishana la kusema," alisema hatimaye. "Aliyewataja ni mtoto. Mtoto huyu huyu aniambie waliko, nami nitawakata kwenye orodha. Askari, mleteni na huyo baba yake, tumalize."

Nimo alisimamishwa mbele ya meza, ambayo ilimfika kidevuni. Karani alishika kalamu nyekundu na rula. Mwalimu akapiga magoti kando ya mtoto, akamwambia polepole, kwa maneno ya darasani, kwamba aseme kila mmoja kama yuko nyumbani au amekufa. Arbia akamtafsiria. Mtoto hakufungua mdomo. Alimtazama mama yake, na Arbia aliona ndani ya macho yale kwamba anayahesabu maneno, kwamba ameapa hatataja mtu tena.

"Sema tu, mama," Arbia alimbembeleza. "Ukisema, hawatamtafuta."

"Diriye?" karani akasoma.

"Amekufa," Nimo akasema kwa sauti ndogo.

Kalamu nyekundu ikapita juu ya Diriye. "Basi, huyu hatumtaki tena. Issack?"

"Amekufa."

"Huyu naye basi. Hirsi?"

"Amekufa."

Wakaenda hivyo. Kila jina lilipokatwa karani alisema basi, na kila aliposema basi Nimo alipandisha sauti kidogo. Kufika jina la kumi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anaifuata kalamu. Kufika la kumi na tano alijibu kabla karani hajamaliza kusoma. Mlangoni askari walikuwa wamemleta Guleid, ndevu zimemtoka, anapepesa macho kwa mwanga. La ishirini na moja likakatwa. Basi.

Karani alipumua, akapenga kamasi, akapandisha rula mpaka juu kabisa ya karatasi, palipobaki jina moja ambalo halikuwa na alama.

"Amebaki huyu wa kwanza," alisema, kwa kutaka tu kufunga kazi. "Guleid. Yuko nyumbani?"

Nimo aligeuka akamwona baba yake mlangoni, katikati ya bunduki mbili. Akaitazama ile kalamu nyekundu ikingoja.

"Amekufa," alisema, kwa sauti kubwa kuliko zote.

Askari mmoja alicheka, kisha akaacha. Karani aliiweka kalamu chini bila kuandika, akampungia Guleid mkono aende, akajifanya anatafuta kitambaa. Guleid hakwenda. Aliteleza kwa mgongo ukutani mpaka akakaa sakafuni.

Nimo alikuwa bado ameng'ang'ania meza, anaitazama karatasi.

"Hajamkata," alimwambia mama yake. "Mwambie amkate."