Mdomo wa Bomba

Kamioneti ya Kabange, gari lake dogo la mizigo, ilikuwa haiwezi tena kupanda kilima cha mchanga, na mimba ya mke wake Hadassa ilikuwa imefika mwezi wa nane. Mtoto wao wa kwanza, Théo, alitolewa kwa kupasuliwa. Daktari wa Kamina alisema wazi: huyu wa pili asizaliwe kijijini. Treni zilikuwa zimechukuliwa na vita. Ilibaki kamioneti, na kilima kilisimama kati ya kijiji na hospitali.

Ubovu wenyewe haukuwa siri. Injini ilivuta hewa juu kabisa, chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, mahali pale pale joto lote la radieta lilipojazana. Ikishika mchanga inahema, inapoteza nguvu, inazima.

Kaka mkubwa wa Kabange, Philémon, aliyewahi kutengeneza malori ya jeshi kule Base, kambi ya askari, alimpa shauri la bomba la kuleta hewa baridi kutoka nje. Walitoboa matako ya mikebe ya maziwa ya unga, wakaunganisha mkebe kwa mkebe, na kila kiungo wakakikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ubishi ulikuja kwenye mdomo wa bomba.

"Uupandishe juu, karibu na kioo," Philémon alisema. "Malori yetu yote ilikuwa vile."

"Njo vile basoda bataibeba, yaya," Kabange alimjibu kaka yake. "Bakiona bomba iko juu, batasema ni motokari ya jeshi."

"Na huko chini itavuta nini? Samaki?"

"Itavuta baridi. Na hakuna mutu ataiona."

Philémon alicheka, akamwachia. Wote wawili walijua watu waliobaki na ufunguo mfukoni huku gari limechukuliwa na askari kwenda vitani. Basi Kabange akauelekeza mdomo wa bomba chini, nyuma ya bampa.

Siku ya kujaribu, Hadassa alikaa mbele, mikono juu ya tumbo. Kamioneti ilipanda mchanga wote bila kupumzika.

"Baba Théo, leo ulipatia motokari bukari ya moto!" Hadassa alisema, kana kwamba gari limeshiba ugali.

"Hapana, mama. Niliipatia pua."

Walicheka mpaka juu. Tangu vita vianze Kabange hakuwa amemsikia akicheka vile.

Uchungu ulianza asubuhi moja, baada ya mvua kubwa. Walimlaza Hadassa nyuma juu ya godoro, Philémon akamshika kichwa. Kilima wakakipita. Kwenye kizuizi askari alizunguka gari, akapiga bodi kwa kiganja.

"Hii ilishakufa," akawaambia wenzake. "Muache bapite."

Kabange alimshukuru Mungu kwa sauti.

Mbele kidogo, bondeni, mto ulikuwa umefurika juu ya barabara. Maji yalifika kwenye bampa. Maji ya namna hiyo alikuwa ameyavuka mara nyingi, na hakusimama. Masikio yake yalikuwa nyuma, kwa mke wake. Mikono iliendesha kama ilivyozoea zamani, wakati injini ilipokuwa inapumulia juu. Philémon alipiga paa kwa ngumi.

"Bomba! Kabange, bomba!"

Injini ilimeza maji. Iligonga kwa ndani, pigo moja zito, ikakwama.

Walifungua plagi, maji yakaruka nje, lakini haikuzunguka tena. Mchuuzi wa makaa aliyekuwa akipita alishusha magunia yake, akawapa baiskeli. Wakamkalisha Hadassa, wakasukuma, mmoja huku, mmoja kule.

"Baba Théo, usikimbie hivi, utaanguka," Hadassa alisema mwanzoni.

Baadaye aliita tu jina la Théo. Baadaye hakuita kitu.

Hospitalini daktari alimgusa shingo, akavua miwani. Walimtoa mtoto hata hivyo. Alikuwa wa kike. Naye hakulia.

Philémon hakusema hata mara moja kwamba alimwonya. Kabange alingoja alisikie neno hilo, alitamani hata apigwe, lakini kaka yake alimshikia koleo tu makaburini.

Baada ya matanga walirudi bondeni na kamba. Kabange alifungua kapo. Bieli, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zilikuwa zimepinda zote. Bomba lilikuwa zima. Hakuna kiungo kilichoachia.

Askari hawakuchukua kitu. Kabange alipoteza injini, mtoto wa kike ambaye hakupata jina, na Hadassa.