Mvua ya Milimita Arobaini

Mwalimu Mayala alifundisha Siasa miaka kumi na minne, na tusimsingizie, alikuwa bingwa. Aliweza kuwaeleza watoto wa darasa la nne ubaya wa mabepari mpaka wakawachukia watu ambao hawajawahi kuwatia machoni. Kisha mambo yakageuka. Vyama vikawa vingi, pamba ya kijiji cha Dutwa ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye mizani zao, mitumba ikajaa mnadani, na somo la Siasa likafutwa. Mwalimu akaamka asubuhi moja hana cha kufundisha.

"Utachukua Sayansi," Mwalimu Mkuu Kasmiri akamwambia.

"Sayansi ipi?"

"Yote."

Na kweli ilikuwa yote. Muhtasari mpya ulizoa kila kilichoumbwa: mwili wa binadamu, mimea, udongo, wadudu, sumaku, umeme, usafi wa choo, hali ya hewa. Mayala aliusoma siku mbili, akaona hata Mungu kazi hiyo ilimchukua siku sita na bado akahitaji kupumzika. Yeye kapewa vipindi vinne kwa wiki. Lakini kukataa angeanzia wapi? Serikali ilikuwa inapunguza watumishi mwaka ule, tena ilianza na wale ambao kazi yao haionekani. Alikuwa na mke na watoto watano, na jembe halikuwahi kumpenda. Akaipokea Sayansi kwa mikono miwili.

Akaifundisha kwa namna aliyoijua.

"Oksijeni?" anauliza, ngumi juu.

"Idumu!" darasa linajibu.

"Wadudu waharibifu?"

"Wapingwe!"

Siku moja akakuta kwenye kiongozi cha mwalimu sentensi iliyomkaa vizuri mdomoni: Sayansi ni kuangalia kwanza, kisha kuandika ulichokiona. Akawakaririsha kila asubuhi. Maana yake hakujisumbua nayo sana, kwani kaulimbiu huwa haiulizwi maana. Aliyejisumbua nayo ni Minza wa darasa la tano, binti mpole mwenye macho makubwa, ambaye ukimwambia jambo unatakiwa uwe umelifikiria kwanza.

Muhtasari ulidai kipimamvua. Mayala akasimika kopo uani, akampa Minza rula na daftari, akamwambia apime kila siku ya masomo saa tatu asubuhi. Kila siku Minza alirudi na jibu moja.

"Hakuna kitu, Mwalimu."

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Mwezi mzima wa Januari ukakatika mbingu ikiwa nyeupe, na pamba ikasinyaa mashambani.

Ndipo ikaja barua kwamba mkaguzi atafika Alhamisi. Mayala akaitazama karatasi ya manila iliyotundikwa darasani, mahali pa grafu ya mvua, akaiona tupu. Mkaguzi akikuta karatasi tupu atasema mwalimu hafanyi kazi, na asiyefanya kazi anapunguzwa. Sasa, kumbuka huyu mtu aliandikia tawi la chama taarifa za utekelezaji miaka kumi na minne, na hata siku moja taarifa haikupanda juu ikiwa na sifuri. Lengo likiwa ekari ishirini, unaandika ishirini na mbili. Basi akachukua kalamu ya bluu. Wiki ya kwanza, milimita kumi. Ya pili, kumi na nane. Ya tatu, ishirini na saba. Ya nne, arobaini. Mstari ukapanda vizuri kabisa, na usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyevuka lengo.

Kilichomponyoka ni kwamba watoto wanajua kusoma. Jioni ileile kila nyumba ilijua kwamba shuleni kumenyesha milimita arobaini. Wazazi hawakushangaa kwamba mtu anaweza kuifunga mvua na kuihamishia kwake. Hilo lilijulikana tangu enzi za mababu. Walichoshangaa ni ujasiri wa kuiandika ukutani kwa kalamu ya bluu.

Alhamisi akafika Mama Wilhelmina, mkaguzi kutoka Bariadi mjini, mwanamke mnene wa maneno machache. Akaketi nyuma ya darasa, akaiangalia grafu muda mrefu.

"Mwalimu, arobaini hii ilinyesha wapi? Mimi nimekuja na vumbi mpaka kwenye meno."

Kabla Mayala hajajibu, mlango ukazibwa na watu. Walikuwa wazazi kama thelathini, majembe begani, na mbele yao mzee Masunga, mwenyekiti wa kamati ya shule na baba yake Minza.

"Mwangaluka, Mwalimu," Masunga akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha. Karibuni."

"Hatuna ugomvi. Tumekuja kuomba mvua yetu." Akaielekezea grafu kidole. "Matofali ya shule hii tulifyatua sisi. Wewe baki na kumi, utupe thelathini. Na kama umeamua kuiuza, sawa, siku hizi kila kitu kinauzwa. Taja bei tuelewane."

Mayala akapiga hesabu. Akisema mvua ilinyesha, atakuwa mwizi wa mvua, na watu wa namna hiyo huko hawalali kijijini mara mbili. Akisema haikunyesha, Mama Wilhelmina yuko pale na kalamu yake. Akajaribu sauti ya zamani.

"Ndugu wananchi, ongezeko hilo ni la kitaarifa zaidi."

"Hilohilo la kitaarifa," Masunga akasema. "Tupe, tutajua wenyewe pa kulipeleka."

Mayala akawatazama watoto. Walikuwa wametulia, wakimsubiri. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Niliandika uongo," akasema. "Halijaanguka hata tone moja. Niliogopa kupunguzwa kazi."

Wazazi wakatazamana. Masunga akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwalimu, usitufanye watoto. Mtu wa serikali aandike uongo ukutani, autundike, awafundishie watoto wetu? Haya, tupunguzie. Tupe ishirini na tano."

Minza akanyoosha mkono. Mama Wilhelmina akamruhusu. Binti akasimama na daftari lake, akaanza kusoma bila haraka.

"Jumatatu. Niliangalia saa tatu. Hakuna kitu. Jumanne. Hakuna kitu, mjusi mmoja. Jumatano. Hakuna kitu, mjusi yuleyule."

Akasoma siku zote ishirini na mbili. Mjusi alikaa humo siku tisa, akaondoka Ijumaa. Masunga alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na binti alipofika mwisho yeye akashusha jembe.

"Mvua ya milimita arobaini ingemzamisha," akawaambia wenzake. "Mtoto wangu hatungi. Tena mjusi hatungiki." Majembe mengine nayo yakashuka.

"Nani kakufundisha kuandika hivi?" Mama Wilhelmina akauliza.

"Mwalimu Mayala."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, na Mayala akahesabu kila mkwaruzo wa kalamu ile moyoni. Hatimaye Mama Wilhelmina akasoma kwa sauti: "Wanafunzi wameelewa somo. Mwalimu bado. Abaki kazini, ajifunze kwao." Kisha akaibandua ile manila, akaigeuza upande mweupe. "Chora upya. Nitaipeleka wilayani, wajue huku kukoje."

Mayala akachora, Minza akimsomea. Hapakuwa na kazi kubwa. Mstari ulianzia chini kushoto, ukaenda chinichini mpaka mwisho wa karatasi, haukunyanyuka popote. Wazazi wakasogea kuutazama, na hakuna aliyecheka.

"Hiyo sasa ndiyo ya kwetu," Masunga akasema.

"Weka sahihi, Mwalimu," akasema Mama Wilhelmina.

Miaka kumi na minne ya taarifa, na hajawahi kutia sahihi kwenye sifuri. Minza akamshikia karatasi, naye akaandika jina lake.